Sili Tatu za Tulizo

Injini ilianza kupoteza nguvu Obadia Tweve akiwa juu ya bonde, akirudi na sanduku la dawa. Alikishusha kipungu, ndege yake ndogo, kwenye uwanja wa Ihangale kabla haijazimika kabisa, akakisukuma mwenyewe mpaka mlangoni mwa karakana. Yusta Chaula, fundi wa kituo, alimwambia aiwashe tena, akaisikiliza ikizunguka kidogo, kisha akamwonyesha kwa mkono aizime.

"Ni sili," alisema.

"Umejuaje kabla hujafungua?"

"Inahema badala ya kupiga. Shuka, shemeji, tuishushe."

Kipungu kilikuwa chombo chembamba cha mapangaboi manne, chenye nafasi ya rubani na mgonjwa mmoja aliyelala. Tangu mvua za masika zilipoanza kumeza barabara za uwanda wa Kitulo mwaka baada ya mwaka, chombo hicho ndicho kilichokuwa barabara. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mlima, na mtu wa Ihangale aliyeugua sana alivuka mlima kwa kipungu au hakuvuka.

Waliiweka injini mezani. Yusta akafungua bolti, akainua kifuniko. Ndani ya jumba lake, lililokuwa na umbo la ganda la karanga lenye punje mbili, ilikaa rota, kipande kizito cha chuma chenye pembe tatu. Kwenye kila ncha ya rota ulichomekwa ufito mwembamba wa kaure, mwembamba kuliko ukingo wa sahani. Hiyo ndiyo sili. Rota inapozunguka, sili tatu hukwaruza ukuta na kuufungia moto wa hidrojeni kila mmoja chumbani mwake. Sili ikivuja, moto hutorokea chumba cha jirani na nguvu hupotea.

Yusta alizichomoa moja moja, akazipima kwa mikromita. Mbili zilikuwa zimelika kupita alama. Ya tatu ilikatika katikati alipoigusa.

"Zipo nyingine?" Obadia aliuliza, ingawa alijua jibu.

"Ziko kwenye lori. Lori liko upande wa pili wa maporomoko."

Redio ikaita kabla hajamaliza kufuta mikono. Alikuwa Sista Edina Luvanda wa zahanati. Mnara wa simu ulikuwa umeanguka pamoja na nusu ya kilima, na redio yao yenyewe haikufika mbali zaidi ya uwanda, lakini baina yao walisikilizana vizuri.

"Yusta, nahitaji kipungu. Watu walikuwa wanachimbua barabara jana jioni, ukingo ukamwangukia mmoja. Mguu umesagika na umeanza kuwa mweusi. Nikikaa naye hapa mpaka kesho, nitakaa na maiti."

"Vipungu vya hospitali?"

"Nimewaita usiku kucha kupitia kituo cha juu mlimani kinachotupokezea. Vyote viko mabondeni kwenye mafuriko."

"Ni nani huyo?"

"Benaya Mbilinyi."

Yusta alimtazama Obadia. Obadia alikuwa amegeukia dirishani.

*

Tulizo alikuwa mdogo wake Yusta na mke wa Obadia, na alikuwa rubani kama mumewe. Kabla ya mvua za mwaka huu kuanza alikuwa akirudi peke yake kutoka hospitali, hewa ikiwa safi, akaanguka kwenye mteremko juu ya shamba la viazi la Benaya Mbilinyi. Benaya ndiye mtu pekee aliyeona. Aliwaambia wakaguzi kwamba injini ilikuwa ikilia kwa nguvu mpaka chombo kilipogusa ardhi. Kama injini ilikuwa nzima, kosa lilikuwa la rubani. Ndivyo walivyoandika.

Obadia hakukubali. Alisema Tulizo asingeangusha kipungu chenye injini nzima siku isiyo na ukungu. Alisema sili ilipasuka. Na njia ya kuthibitisha ilikuwepo, kwa sababu kaure ile haikuwa kaure ya kawaida.

Mafundi waliiita kaure hai. Haikuwa na uhai wowote. Ilikuwa imeundwa hivi kwamba ikipata moto hujipanga upya na kuziba mikwaruzo yake yenyewe. Ndiyo maana sili moja iliweza kukaa miaka mingi mahali ambapo sili za zamani zilikaa miezi. Kila safari iliacha ndani yake tabaka jembamba, na tabaka la mwisho lilibaki wazi mpaka moto uliofuata ulifunge na kulichanganya na mengine. Maabara ya mjini iliweza kulisoma tabaka hilo la wazi na kusema kama injini ilikuwa na nguvu dakika zake za mwisho au ilikuwa imekufa. Kwa jicho hakuna aliyeweza. Hata ufa ukitokea angani, kaure hujifumba inapopoa, na sili iliyopasuka huonekana nzima mezani.

Mkaguzi Mwantumu Kihiyo alikuwa ameyakubali maombi ya Obadia. Sili zisomwe. Ila ushahidi haukuruhusiwa kubebwa na jamaa wa marehemu, kwa hiyo angekuja kuzichukua mwenyewe. Kisha mvua zikaanza na barabara ikafungika.

Mpaka hapo injini ya Tulizo ilikuwa bado nyuma ya karakana, chini ya turubai. Yusta ndiye aliyeiunda injini hiyo kwa mikono yake, bolti kwa bolti, na tangu iletwe hakuwahi kuifunua.

Sasa aliifunua.

"Unafanya nini?" Obadia aliuliza.

"Naangalia."

"Yusta." Hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina.

"Kuangalia hakufuti kitu, shemeji. Ni moto unaofuta."

Jumba la injini lilikuwa limebonyea na halikufaa tena, lakini rota ilitoka. Sili zote tatu zilikuwa mahali pake. Alizipima: zilikuwa zimelika, ila si kupita alama. Alipaka rangi ya kupenya nyufa, akaifuta, akatafuta mstari wa ufa chini ya kioo cha kukuza. Hakuona mstari. Aliangusha kila moja kutoka kimo kidogo juu ya kipande cha kioo, akasikiliza mlio. Zote tatu zililia vizuri. Kwa kaure ya zamani hilo lingetosha. Kwa hii halikutosha, maana mpasuko uliojifumba nao hulia vizuri.

Obadia alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, mikono mifukoni.

"Zinafaa?" aliuliza.

"Urefu unafaa. Zikipata moto kwenye jumba la injini yako zitajichonga zenyewe. Kama zilikuwa nzima, zitakupeleka na kukurudisha."

"Na kama hazikuwa nzima?"

"Zitafanya tena zilichofanya."

"Kwa hiyo unataka nikae juu ya kitu kilichomwua mke wangu, nimpeleke hospitali mtu aliyesema mke wangu alijiua kwa uzembe. Na nikimaliza, hakuna atakayeweza kujua."

"Sijasema nataka."

"Lakini umeshazipima."

Obadia akaondoa mikono mifukoni.

"Nikuambie watu watasema nini? Aliyeunda injini ndiye aliyezichoma sili. Zikisomwa na kuonekana zilipasuka, ni kazi yako iliyopasuka. Zisiposomwa, umesalimika. Hilo hulioni?"

"Naliona," Yusta alisema. "Nimeliona tangu Edina alipotaja mgonjwa. Ndiyo maana bado nimesimama hapa nikiongea."

Na ilikuwa kweli. Angeweza kusema ni kwa ajili ya mgonjwa, na ingekuwa kweli pia, lakini mahali fulani ndani yake palikuwa pamepata nafuu ndogo alipofikiria sili zile zikiingia motoni, na nafuu hiyo ilimchukiza. Kwa miezi alikuwa akiamka asubuhi akijaribu kukumbuka kama siku alipoiunda alizipanga vizuri springi zote zinazozisukuma sili ukutani.

Obadia alichukua kofia yake. "Naenda zahanati," alisema.

"Kufanya nini?"

"Sijui."

Akatoka, na pikipiki ikasikika ikishuka barabara ya udongo.

*

Alipobaki peke yake Yusta alijaribu njia ya katikati. Maabara ilihitaji sili moja tu. Kama angetumia mbili za Tulizo na moja ya zamani, ushahidi ungebaki. Aliosha jumba la injini ya Obadia, akapapasa ukuta kwa kidole kuhakikisha sili iliyokatika haikuacha mkwaruzo. Ulikuwepo mmoja, mwembamba, pembezoni, haukumtisha. Akabadilisha springi zote, maana springi alikuwa nazo. Akachomeka sili mbili za Tulizo na moja ya zile zilizolika, akaifunga injini, akaunga geji ya shinikizo na kuizungusha kwa stata bila kuiwasha, ili kaure ibaki baridi.

Rota ina vyumba vitatu, na kila sili hulinda viwili, kimoja kila upande. Sindano ya geji ilipanda juu mara moja, kisha ikapanda nusu, kisha nusu tena. Sili moja mbovu ilikuwa imeharibu vyumba viwili. Alizungusha tena, akapata jibu lilelile. Kwa nguvu hiyo kipungu kingeinuka uwanjani kikiwa kitupu. Kikiwa na mgonjwa, kwenye hewa nyepesi ya kule juu, kisingeuvuka mlima.

Alifungua injini tena. Sili ya tatu ya Tulizo ilikuwa mezani juu ya kitambaa. Nje jua lilikuwa bado kali, lakini alijua ukungu hushuka mlimani kila alasiri, na ukishashuka hakuna anayeruka.

Alijaribu kufikiri kana kwamba injini ile haikuundwa na yeye. Tuseme aliiunda fundi mwingine, mtu asiyemfahamu, na rubani aliyekufa si mdogo wake. Angemwambia nini fundi huyo? Angemwambia aweke. Aliligeuza swali hilo kila upande na jibu halikubadilika. Basi tofauti pekee ilikuwa ni yeye, jina lake na watakachosema watu, na mgonjwa hakustahili kufa kwa ajili ya hayo.

Akaichomeka ya tatu, akaifunga injini. Geji ilipanda mara tatu, sawasawa.

Obadia aliporudi alimkuta anakaza bolti za mwisho za kuishikilia injini ndani ya kipungu. Alitazama kitambaa mezani. Hakikuwa na kitu.

"Zote?"

"Zote. Nilijaribu kubakiza moja. Haikuwezekana."

"Ulipaswa kuningoja, Yusta. Alikuwa mke wangu."

"Alikuwa mdogo wangu. Kama ningekungoja na ungesema hapana, ningeiweka vilevile. Niliona si haki kukuuliza swali ambalo jibu lake nisingelifuata." Aliweka spana chini. "Ila sehemu yangu imeishia hapa. Bado ni baridi, bado zinasomeka. Siwezi kuruka. Anayewasha ni wewe, na ukikataa sitakulaumu. Nitazitoa na kuzirudisha zilipokuwa."

Obadia alikaa kwenye kigoda. Viatu vyake vilikuwa na tope jekundu mpaka kwenye vifundo.

"Nilikwenda nikitaka kumwona anaumia," alisema. "Nimemwona. Haikunisaidia kitu." Akakwangua tope kwa kisigino. "Nilimwambia. Nilimwambia injini iliyobaki ni ya Tulizo, na kwamba mimi naamini ilimfia angani. Nilitaka aogope. Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Mwanangu, mimi nilisikia inalia mpaka chini, na nilisema nilichosikia. Kama nilisikia vibaya, basi nitajua njiani.' Kisha akamwambia Sista amfunge vizuri kwenye machela."

"Amekubali kupanda?"

"Amekubali kabla sijamwomba."

Yusta alivuta kigoda kingine akaketi karibu yake.

"Nikiwasha," Obadia aliendelea, "ni kama nimesema naiamini hii injini. Na nikiiamini, basi Tulizo ndiye aliyekosea. Miezi yote hii nimewaambia watu kinyume chake. Nimewaambia wakwe, nimemwambia mkaguzi."

"Kuwasha si kutoa ushahidi, shemeji. Mtu anaoza mguu, basi."

"Rahisi kusema."

"Si rahisi. Ikianguka, nimeua wawili niliokuwa nao, Tulizo na wewe, na mmoja ambaye si wangu. Nimeifunga kwa mikono hii hii. Unadhani naikaza bolti nikiwa na hakika? Sina hakika. Nina vipimo tu, na vipimo vinasema inafaa."

Obadia aliitazama mikono yake. Kisha akainuka, akavaa glavu, akaingia kwenye kiti cha rubani. Hakusema anakubali. Alifungua hidrojeni, akatazama mbele, akabonyeza.

Injini ilikohoa. Ilizunguka vibaya, ikitetemesha fremu nzima, na Yusta aliweka kiganja juu ya jumba lake kama mtu anayepima homa. Kaure ilikuwa inajichonga kwenye ukuta mgeni. Mtetemo uliendelea mpaka akaanza kuhisi jasho shingoni, halafu ukapungua, na mlio ukashika. Joto lilipanda kupita kiwango cha kaure kujipanga. Kwa wakati huo tabaka la mwisho lilikuwa limekwisha kujifunga, na wote wawili walilijua hilo, wala hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Inapiga," Obadia alisema.

"Inapiga. Nenda, ukungu usikukute."

*

Alitua zahanati, Sista Edina na wanaume wanne wakampakia Benaya, na kipungu kikapaa kuelekea mlimani. Yusta alikiona kikipanda taratibu, kikielemewa, kikaukwea ubavu wa mlima na kupotea upande wa pili. Aliketi karibu na redio. Ukungu ulishuka. Hakukuwa na jambo la kufanya, kwa hiyo alifagia karakana, kisha akaifagia tena.

Obadia alirudi kesho yake asubuhi. Madaktari walikuwa wameukata mguu juu ya goti, na Benaya alikuwa hai.

"Alisema nini njiani?" Yusta aliuliza.

"Hakusema kitu. Tulipovuka mlima alinigonga begani, akaonyesha kwa kidole injini nyuma yake, akaitikia kwa kichwa kwamba anasikia." Obadia alivua kofia. "Sikujua nifanye nini, nikaitikia kwa kichwa na mimi."

Barabara ilipofunguliwa Mkaguzi Mwantumu Kihiyo alikuja na kisanduku cha chuma chenye sponji ndani. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa maneno, aliyesafiri kwa shida mpaka pale. Yusta alimpeleka moja kwa moja kwenye kipungu.

"Ulizozifuata zimo humu," alisema. "Zimesharuka mara nyingi."

Mkaguzi aliinama kuitazama injini, kisanduku mkononi. "Nani aliyeziweka?"

"Mimi."

"Wewe ndiye uliyeunda ile iliyoanguka."

"Ndiyo."

"Bi. Chaula, unaelewa hili litaonekanaje?"

"Naelewa. Kulikuwa na mgonjwa."

"Sikatai kwamba kulikuwa na mgonjwa. Nasema kuhusu ushahidi. Lazima nikusimamishe mpaka baraza likae, na sijui litasema nini. Bwana Tweve, wewe ndiye uliyeomba zisomwe. Ilifanyika bila idhini yako?"

Yusta alitazama chini. Lilikuwa swali ambalo jibu lake la kweli lingemwachia Obadia mlango wa kutokea, na hakutaka kumwonyesha kwamba anajua.

"Alizifunga nikiwa sipo," Obadia alisema. "Nilirudi zikiwa baridi. Alinipa nafasi ya kukataa. Mimi ndiye niliyewasha."

"Ukijua ni zipi?"

"Nikijua ni zipi."

"Basi itabidi niwasimamishe wote wawili. Nitaomba rubani mwingine aje kushika zamu hapa."

"Sawa," Obadia alisema.

Mkaguzi alikifunga kisanduku chake kitupu. Kabla ya kuondoka aliomba injini iwashwe, akasimama kando akiisikiliza kwa muda. Hakusema alichosikia.

Siku hiyo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kazi, walikula chakula cha mchana mapema, viazi vya kuchemsha na maharage, kwenye benchi nje ya karakana. Obadia alikula kidogo akaacha.

"Sasa hatutajua kamwe," alisema.

"Hatutajua."

"Niambie kweli. Zingesomwa, ungetaka ziseme nini?"

Yusta alifikiria kama kuna njia nzuri ya kulisema, akaona hakuna. "Kwamba injini ilikuwa nzima."

"Mimi nilitaka ziseme ilikufa."

"Najua."

"Kwa hiyo kila siku tulipokaa hapa tukila, wewe ulikuwa unaomba awe amekosea yeye, na mimi nilikuwa naomba uwe umekosea wewe."

"Ndivyo ilivyokuwa."

Obadia aliweka sahani yake benchini. Bondeni watu walikuwa wakirudi mashambani na majembe. Kisha akachukua sahani ya Yusta, ambayo nayo ilikuwa haijaguswa, akamwongezea viazi kutoka kwenye sufuria na kuirudisha magotini mwake.

"Kula, shemeji," alisema. "Vinapoa."